Nilipelekwa kwa mwanasaikolojia nikiwa na miaka 79, nikakwama kwenye neno moja

Wakuu, nawasalimu. Wachache mlionizidi umri, shikamooni. Wengine nimeshaitikia marahaba, msijisumbue.

Mie ni fundi mitambo mstaafu. Nimefanya kazi kwenye karakana za Chang'ombe mpaka macho yakagoma, sasa naishi Tabata kwa binti yangu. Humu nimo miaka mingi kama msomaji tu. Nasoma ugomvi wenu, nacheka, nakwenda kulala. Leo naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Haya yametokea kweli. Majina nimebadilisha, maana wahusika wapo na mmoja wao amepita hapa nyuma yangu sasa hivi na kikombe cha chai. Mengine yote nimeyaacha kama yalivyo.

Ilianza hivi.

Binti yangu, nimwite Eliza, ni mwalimu na kiongozi wa akina mama kanisani. Ana binti wa miaka ishirini, Pendo, alikuwa chuo Dodoma. Mwaka jana Pendo akarudi likizo na mimba. Kijana mwenyewe kabadilisha namba ya simu, hapatikani. Eliza akampeleka Pendo kwa shangazi yake Morogoro, akajifungulia huko kimyakimya, mtoto wa kiume. Yona. Kitukuu changu cha kwanza.

Waliporudi, Eliza akatuweka kikao sebuleni. Akasema amelifikiria jambo hili kwa maombi na ameamua. Kanisani tutasema mtoto ni wa ndugu wa kijijini, tumemchukua kulea. Siku ya ubatizo ataandikwa kwa jina lake yeye Eliza. Pendo atarudi chuo, maisha yake yaendelee, apate na mume huko mbele.

"Na mtoto akikua," akasema, "atamwita Pendo dada."

Mkwe wangu akaitikia kwa kichwa. Pendo alikuwa ameinama anavuta uzi wa kanga yake. Eliza akanigeukia, "Baba, wewe unasemaje?"

Nikafungua mdomo, sauti haikutoka.

Nawaambia haikutoka siku hiyo, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Maneno mawili matatu nilikuwa nayasema, maji, asante, lakini kuongea kama mtu sikuweza. Chakula vijiko viwili, nasukuma sahani. Chumba alicholala mtoto nikawa nakikwepa, nazunguka nje kwa mlango wa jikoni ili nisipite mlangoni pake. Kitukuu changu mwenyewe, wakuu. Sijui nilikuwa namwogopa nini.

Wakadhani kiharusi. Hospitali, vipimo, damu, kichwa, kifua. Daktari akasema mzee mwili wake mzima, mtafutieni mwanasaikolojia.

Mie nikajua ndiyo nimeshaitwa chizi hivyo.

Wa kwanza hatukuelewana, na hili nalisema ili mtu asikate tamaa. Alikuwa kijana mmoja mchangamfu, akaanza kunipa mifano ya maisha yake. Saa nzima. Nilitoka pale nawajua mpaka wakwe zake, yeye jina langu kalisahau. Sikurudi.

Wa pili ni binti mmoja wa Kinondoni, nimwite Tausi. Eliza alipompigia simu na kuanza kumweleza habari zangu, Tausi akamwambia kwa upole, "Mama, naomba nimsikie mwenyewe." Nikapewa simu. Akaniuliza kama kwenda kwake ni hiari yangu au napelekwa. Nikamwambia napelekwa. Akacheka kidogo, akasema basi njoo mara moja tu, usipopenda mimi mwenyewe nitamwambia mwanao akuache.

Hapo akanipata.

Siku ya kwanza tulikwenda watatu, mimi, Eliza na mkwe, kama tunapeleka posa. Mkononi nimebeba daftari la kliniki na bahasha ya eksirei ya kifua. Tausi akaipokea ile bahasha kwa mikono miwili, akaiweka mezani kwa heshima zote, hakuifungua. Kisha akawaomba wenzangu wasubiri nje.

Kwa wanaouliza, hakuna kitanda. Mie nilidhani utalazwa chali kama kwa daktari wa meno. Ni viti viwili, meza ndogo, jagi la maji, boksi la tishu, na saa ukutani. Akaniambia nitakayosema hayatoki mle ndani, hata Eliza akiuliza, isipokuwa nikisema nataka kujidhuru au kumdhuru mtu. Akaniambia muda wetu ni dakika hamsini. Na akaniambia yeye hatoi dawa.

"Shikamoo babu. Habari za Tabata?"

"Marahaba. Nzuri."

"Usingizi?"

"Mzuri."

"Chakula je?"

"Kizuri tu."

Akaniangalia. "Babu, mwanao ameniambia hujala vizuri wiki ya nne hii."

"Ndiyo. Lakini habari ni nzuri."

Si ndivyo tulivyolelewa? Mtu kafiwa jana, ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu nzuri, halafu ndiyo anakwambia msiba upo. Tausi akasema, "Humu ndani ukisema mbaya, sitakuona umekosa adabu." Nikalichukua hilo, nikarudi nalo nyumbani.

Kilichonisumbua zaidi ni umri wake. Binti wa miaka thelathini na kitu, umri wa wajukuu zangu wakubwa, ananiamkia shikamoo, halafu mie nikae mbele yake nimfungulie kifua? Sesheni ya pili nikamwambia wazi. Hakukasirika. Akaniuliza, "Angekuwa mzee mwenzio ungemwambia?" Nikafikiri. Wazee wenzangu niliowaamini wote nimeshawazika, na hao wazima nao sikuwahi kuwaambia kitu. Kwa hiyo ishu haikuwa umri wake.

Tukakaa kimya sana siku hiyo. Nawaonya wageni, kimya chake kinatisha mwanzoni. Unadhani anakutega. Baadaye nikaelewa alikuwa ananisubiri tu.

Sesheni ya tatu akaniuliza nyumbani kwetu nilikokulia palikuwaje.

Nikamweleza. Temeke, Mwingereza bado yupo madarakani, mie mtoto mdogo. Barabara za mchanga, bomba moja la maji kwa mtaa mzima, akina mama wamepanga ndoo tangu alfajiri. Wazazi wangu walitoka Njombe. Baba alikuwa karani bandarini, kaptula nyeupe imenyooka pasi, soksi mpaka magotini, baiskeli inang'aa. Na alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kusoma neno mbele za watu. Mama alikuwa mkali wa maneno lakini hakunipiga hata siku moja.

Nikamweleza na habari za Jumapili. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja yule. Alikuwa yaya mjini, kwa familia ya Wahindi wa Shia wenye duka la vitambaa, watu wema, walimpa chumba chake uani. Alikuja kwa miguu, anapita Gerezani, anapita Keko, viatu kavishika mkononi visichakae. Ananiletea ladu, yale madonge matamu ya Kihindi, kayafunga kwenye pindo la kanga. Akifika tu ananikamata ananiogesha. Nimeshaogeshwa asubuhi na mama kwa ajili ya kanisa, yeye ananiogesha tena. Ananisugua masikio mpaka yanawaka. Mie nalia, nakimbia, namwambia mama, yule ananiumiza. Mama ananijibu, mwache akuogeshe.

Muda ukaisha, nikaondoka. Nikiwa ndani ya bajaji nikajikuta najishika masikio.

Sesheni ya nne Tausi akaniambia, "Babu, naomba nikuulize kitu, ukitaka usijibu. Baba yako unasema baba. Mama yako unasema mama. Marehemu mkeo unamtaja kwa jina lake. Huyu aliyekuja Jumapili, tangu wiki iliyopita unasema yule. Yule ni nani?"

"Anaitwa Roza."

"Ni nani kwako?"

Wakuu, mie nimefungua injini za kila aina, lakini swali lile sikujua nilishike wapi. Maana nilifundishwa kumwita dada. Na dada si kweli. Neno la kweli sikuwahi kumwita nalo hata mara moja, nikajiona sina haki nalo. Kwa hiyo miaka yote hiyo, kichwani mwangu, nikabaki na yule.

Saa ya ukutani naisikia. Tausi hakusogea.

Nikasema, "Ni mama yangu."

Sijawahi kuyasema maneno hayo. Mke wangu nimeishi naye miaka arobaini na sita, kafa hajui. Nililia mpaka kola ya shati ikalowa. Na kwetu mtu akilia unamkimbilia, nyamaza, basi, jikaze. Tausi hakuniambia ninyamaze. Alisogeza tishu, akakaa pale pale, macho yake mwenyewe yamelowa lakini katulia. Nikalia nikamaliza. Ndipo nikamweleza, na sasa nawaeleza nyie.

Roza alikuwa binti mkubwa wa nyumba yetu. Alipata mimba, ndiyo mimi, akiwa na miaka kumi na saba, hajaolewa. Baba ni mzee wa kanisa. Kwa kanisa la enzi zile binti angetengwa, na baba angevuliwa uzee wake mbele ya usharika. Basi wakampeleka Njombe, nikazaliwa huko, wakarudi nami Dar nikiwa mtoto wa babu na bibi. Cheti changu cha ubatizo kinasema hivyo mpaka leo. Roza akatafutiwa kazi ya uyaya mjini. Akalea watoto wa watu siku sita, ya saba anakuja kuniogesha.

Kuna siku moja nilishikwa na homa kali, nilikuwa na kama miaka tisa. Ilikuwa Jumatano mchana, na yeye akaja. Jumatano haikuwa siku yake, kwa hiyo nikashangaa. Mama alikuwa bombani. Roza akakaa chini pembeni ya mkeka wangu, akanifuta jasho, akasema polepole, "Niite."

Nikamuuliza, "Nikuite nani?"

Akasema, "Niite tu."

Nikamwita, "Dada."

Akaitika, "Abee, baba." Akainuka akaenda kuangalia uji.

Alikufa nikiwa na miaka kumi na moja, kifua kikuu. Watoto hatukuruhusiwa wodini, kwa hiyo sikumuona mwishoni. Makaburini baba alisimama na karatasi, akasoma wasifu wa marehemu kwa sauti yake ya kanisani. Alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alifanya kazi gani. Akamaliza, "Marehemu hakujaliwa kupata mtoto."

Mie nimesimama pale, mkononi nimeshika kofia. Nilizubaa nikiangalia jongoo. Sikujua kitu.

Mama, yaani bibi yangu, ndiye aliyeniambia. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wawili, na yeye yuko kitandani anakaribia kuondoka. Akaniambia kila kitu kwa dakika chache, akaniomba nimsamehe. Nikamwambia nimekusamehe mama. Na kweli nilimsamehe, alinilea vizuri. Lakini hakuna aliyeniambia nimfanyie nini Roza. Nikafunga mdomo, nikaenda kazini kesho yake. Zaidi ya miaka arobaini.

Sasa mnaelewa kwa nini sauti ilikwama pale sebuleni.

Kwa wanaotaka kuanza, sikilizeni hapa. Baada ya siku hiyo sikupata nafuu. Nilizidiwa. Nililala siku mbili, kichwa kizito, nikamchukia Tausi kwamba kanichokonoa kidonda kilichokuwa kimetulia. Nikampigia kusema sirudi. Akaniambia watu wengi huwaga hivyo wakishagusa penyewe, na uamuzi ni wangu, ila nafasi yangu ya Alhamisi haimpi mtu mwingine. Alhamisi nikaenda. Nimevaa na koti.

Siku hiyo nikamuuliza swali moja tu. Ubatizo wa Yona ulikuwa umebaki wiki mbili. Niwaambie au ninyamaze? Nilitaka anijibu kama daktari, fanya hivi mara mbili kwa siku.

Akaniuliza, "Wewe unamtakia nini Yona?"

Nilikasirika. Nimetoka Tabata kuja kuuliza, naye ananiuliza. Lakini njiani kurudi jibu nilikuwa nalo. Namtakia amwite mama yake akiwa hai.

Jumamosi mchana nikawaomba wote wakae. Eliza, mkwe, Pendo. Mtoto kalala. Nikawaambia, nilimwita mama yangu dada mpaka akazikwa, na nilisimama kaburini kwake nikisikia inasomwa kwamba hakuwa na mtoto. Nikawasimulia kama nilivyowasimulia nyie. Homa, kuogeshwa, karatasi ya baba. Nilisema kwa shida, nasimama, nakunywa maji, naendelea.

Mkwe wangu alikuwa wa kwanza kufuta macho. Eliza hakulia. Eliza alikasirika, na nisiwadanganye kwamba mambo yalikuwa laini.

"Baba," akasema, "kwa hiyo nimsimamishe mwanangu mbele ya kanisa zima watu wamnyooshee vidole? Hao unaowasema walikuokoa. Ulisoma, ukala, ukawa mtu."

Nikamwambia, ni kweli waliniokoa. Mama yangu nani alimwokoa?

Na Pendo, ambaye tangu arudi kutoka Morogoro sikumsikia akisema sentensi nzima, akasema huku ameinama vilevile, "Mama, maziwa yananiuma. Usiku nikimsikia analia nakaa kitandani nabana mikono, kwa sababu umesema nisimzoeshe."

Eliza akainuka akatoka. Tukasikia mlango wa chumba. Tukakaa pale watatu, hakuna anayemwangalia mwenzake. Mie nikajua nimeharibu nyumba ya mwanangu.

Akarudi amembeba Yona, mtoto bado ana usingizi. Akasimama mbele ya Pendo muda mrefu. Kisha akamlaza mtoto mapajani mwa Pendo, akasema, "Haya. Mnyonyeshe mwanao."

Akaenda jikoni. Hapo sasa ndipo alipolia, tulimsikia.

Siku ya ubatizo mchungaji aliuliza mama wa mtoto ni nani, Pendo akasimama peke yake. Minong'ono ilikuwepo, sitawaficha. Mama mmoja wa nyuma aligeuka kabisa na kiti chake, akatupa kisogo. Eliza akanyanyuka kwenye safu ya viongozi, akaja akasimama ubavuni kwa binti yake, mkono umeshika kiuno. Kuhusu uongozi wa akina mama aliitwa kujieleza baadaye, na wakamwacha nao. Mie na yeye tulikaa wiki mbili tunasalimiana tu. Sasa tunaongea.

Pendo amerudi chuo. Mtoto yuko nasi siku za masomo, na kila jioni anawekewa simu sikioni. Eliza anamwambia, "Mama huyo anaongea, msikilize mama."

Bado nakwenda Kinondoni, sasa mara moja kwa mwezi. Sijapona kama unavyopona malaria. Kuna siku bado nakaa kimya, lakini kula nakula. Na wale mtakaoniambia maombi yangetosha, mie ni mkristo, nimeomba maisha yangu yote. Nadhani Mungu ndiye aliyemtuma Tausi aniulize lile swali, maana mie mwenyewe nisingejiuliza.

Nilichojifunza si kingi. Ukienda, nenda peke yako chumbani, usibebe eksirei. Ukiona mtu hakusikilizi, tafuta mwingine, hujamkosea. Tegemea kuzidiwa kabla ya nafuu. Na usimjibu nzuri mtu uliyemfuata ili umwambie mbaya.

Karibuni mchangie, na waliowahi kwenda watupe uzoefu wao, hata mkinitania na uzee wangu ruksa.

Ila kama kuna mtu humu anamwita mama yake dada, au shangazi, au kwa jina, na mama huyo bado yu hai, wewe usinijibu. Weka simu chini, nenda kamwite.